Kivuli Nacho ni Chako

*Albamu nyingi za harusi siku hizi zina kurasa zake za picha nyeusi na nyeupe. Lakini kabla hujamwambia mpiga picha "hii nitolee bila rangi", jiulizeni wewe na mwenzi wako: mnataka picha hiyo ionyeshe nini, na mnataka ifiche nini?*

Mwombe mtu yeyote mwenye mpenzi akufungulie simu yake. Utakuta picha mia tano, pengine elfu moja: wakiwa ufukweni, wakiwa kwenye send-off ya rafiki, wakiwa na sahani ya kuku mezani. Sasa mwambie akuchagulie moja tu, ile ambayo angetaka wajukuu wake waione miaka hamsini ijayo wajue bibi yao alikuwa mtu wa namna gani. Hapo ndipo kichwa kinaanza kukunwa.

Picha tunazo, tena za kumwaga. Kinachokosekana ni picha ya uso iliyopigwa kwa makusudi. Na hakuna mahali ambapo makusudi yanaonekana haraka kama kwenye picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu humo hakuna rangi ya kujificha nyuma yake.

Rangi ikiondoka, nani anabaki?

Kwenye picha ya rangi, jicho la mtazamaji lina mambo mengi ya kufanya. Linaona rangi ya mdomo, linaona gauni la zambarau, linaona sofa jipya. Ondoa rangi, na mambo yanayobaki ni machache mno: mwanga, kivuli, umbo la uso, macho na mikono. Basi. Kama mtu hakuwepo kwenye picha, yaani alikuwa kapiga pozi tu akisubiri iishe, utamkamata papo hapo.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kivuli ni kasoro. "Sogea huku kwenye mwanga, unatoka na kivuli!" Nani hajaambiwa hivyo? Ukweli ni kwamba bila kivuli uso hauna umbo. Kivuli cha pembeni mwa pua ndicho kinachoonyesha kwamba pua imetokeza. Kivuli cha chini ya taya ndicho kinachotenganisha uso na shingo. Ndiyo maana flashi ya simu ikikupiga usoni moja kwa moja unatoka bapa kama sahani. Imefuta vivuli vyote, na wewe imekufuta kidogo.

Sasa zungusha taa iwe ubavuni. Mara moja shavu linapata mviringo, jicho linapata kina. Lakini na kovu la utotoni linaonekana, na mikunjo ya usingizi mdogo pia. Hapo ndipo suala la nia linapoingia. Anayechagua mahali pa kuweka taa anachagua pia nini kisemwe kuhusu wewe. Watu watatu maarufu walilijibu suala hili kwa njia tatu tofauti, na kila mmoja ana somo kwa watu wanaopendana.

Bamako: njoo, nikutoe vile unavyotaka kuwa

Mwaka 1948, kijana mmoja wa Bamako, Mali, aitwaye Seydou Keïta alifungua studio nyumbani kwao. Hakusomea kazi hiyo. Alianza na kamera ndogo ya Kodak Brownie aliyoletewa na mjomba wake kutoka Senegal mwaka 1935, akiwa bado mtoto. Alipofungua studio alitumia kamera kubwa ya kusimama, yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na mwanga alioupenda kuliko wote ulikuwa wa jua. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake! Baadaye alikuwa akibadilisha vitambaa kila baada ya miaka michache, na mwenyewe alitumia vitambaa hivyo kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani.

Wateja wake walikuwa makarani, wafanyabiashara, akina mama na mabinti zao, maharusi. Studio ilikuwa na vitu vya kuazima: saa ya mkononi, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa. Ukutani alitundika sampuli za picha ili mteja aseme, "Mimi nitoe kama yule." Mara nyingi alipiga mara moja tu kwa kila mteja, maana filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza ilibidi kila kitu kiwe tayari: kichwa kimeinamishwa kidogo, vidole vimepangwa, nguo imetandazwa vizuri, mwanga umelala kwenye shavu pale pale panapotakiwa.

Ziangalie picha zile leo. Ngozi nyeusi inang'aa juu ya vitambaa vyenye maua, na kila mtu anaonekana ametulia kama mwenye nyumba. Nia ya Keïta ilikuwa kumpa mteja heshima aliyokuja kuitafuta. Saa ya kuazima haikuwa uongo, ilikuwa ni mtu anasema, "Huku ndiko ninakoelekea." Keïta alifariki Paris mwaka 2001, dunia ikiwa imemfahamu kwa miaka kama kumi tu. Picha zake zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Hebu fikiria!

Ottawa: nakunyang'anya, nione utafanyaje

Njia ya pili ni ya ubabe. Tarehe 30 Desemba 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Winston Churchill alikuwa ametoka kuhutubia Bunge la Kanada mjini Ottawa. Chumba cha pembeni kilikuwa na mtu anayemsubiri: Yousuf Karsh, Mwarmenia aliyehamia Kanada akiwa kijana. Taa alikwishazipanga tangu jana yake. Karsh alijifunza nguvu ya taa kwenye jukwaa la michezo ya kuigiza, na alijua kwamba uso ukiwashwa upande na nyuma ukiachwa gizani, mtu anatoka kama sanamu.

Tatizo, Churchill hakuwa ameambiwa kwamba kuna kupigwa picha. Akawasha sigara yake nene. Karsh akamletea kisahani cha majivu. Mzee akagoma. Karsh akarudi kwenye kamera, akahakikisha kila kitu kiko sawa, kisha akamsogelea, akamwomba radhi na kuichomoa ile sigara mdomoni! Kabla mzee hajapoa, kamera ikabonyezwa.

Uso uliotoka unaujua hata kama hujui jina la mpiga picha: kanuna, mkono kiunoni, macho yanasema "thubutu". Dunia ikausoma uso ule kama uso wa nchi isiyokubali kushindwa. Tangu mwaka 2016 umechapwa kwenye noti ya pauni 5 ya Uingereza. Lakini dakika chache baadaye Churchill alicheka na kumruhusu Karsh apige nyingine, na ile anatabasamu. Mtu yule yule, chumba kile kile, taa zile zile. Ni nyuso mbili za kweli, na dunia ikachagua moja.

Chukua somo hilo hadi sebuleni kwako. Mwenzi wako naye ana nyuso nyingi za kweli. Ipi umezoea kuichagua wewe? Ile ya hasira uliyoirekodi ili umkomeshe baadaye, au ile anayokuwa nayo anapokatakata vitunguu akiimba peke yake?

Washington: nakaa nawe kwanza

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1942, mpiga picha Mmarekani mweusi Gordon Parks alifika Washington kufanya kazi katika ofisi moja ya serikali. Mji ulimpokea kwa ubaguzi, akakasirika. Kwenye jengo lile alikutana na mfanyausafi aitwaye Ella Watson. Akamsimamisha mbele ya bendera kubwa ya Marekani, fagio mkono mmoja, na dekio pembeni yake. Picha ile ikaja kuitwa *American Gothic*, na mpaka leo inauma.

Kama angeishia hapo, Ella Watson angebaki kuwa alama tu. Lakini Parks aliendelea kumfuata kwa wiki kadhaa, kwa ruhusa yake: nyumbani, na watoto aliokuwa akiwalea, kanisani, dirishani. Kwenye picha hizo mwanga ni wa taa za kawaida za nyumbani na vivuli ni vya chumba chenye watu. Hapo unamwona mama, unamwona muumini. Picha ya kwanza inatoa hoja, hizi zinazofuata zinamtambulisha mtu.

Ukipata mpiga picha wa harusi anayeomba kuja kunywa chai nanyi kabla ya siku yenyewe, usimwone msumbufu. Huyo anataka kujua mnacheka vipi.

Na sisi je?

Usidhani mambo haya ni ya mbali. Capital Art Studio ya Zanzibar ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kazi ikaendelezwa na mwanawe Rohit. Kwenye picha zao kuna masultani na viongozi, lakini wamo pia watu wa mtaani waliovaa vizuri kwa ajili ya siku moja. Kule Lamu, Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, alikuwa akikata na kuunganisha picha kwa mkono katika chumba cha giza, sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua, enzi ambazo Photoshop haijazaliwa. Kwa hiyo kuchezea picha si dhambi iliyoletwa na simu. Swali ni lile lile la siku zote: unaichezea kwa nia gani?

Mkorogo wa kwenye picha

Sasa tuseme lile linalouma. Mabinti wengi, na vijana wa kiume pia, wakipokea picha zao kutoka studio wanakuta wameng'arishwa bila kuomba. Fundi anaona kakufanyia hisani! Ngozi ya mkono ina rangi yake, uso una rangi ya mtu mwingine. Huo ni mkorogo, tofauti yake ni kwamba hauchubui ngozi. Unachubua mahali pengine.

Chanzo kimojawapo ni cha kihistoria. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi iliyoitwa "Shirley", yenye picha ya mwanamke mzungu. Yeye akitoka vizuri, mtambo unahesabiwa uko sawa. Weusi wakitoka kama kiza chenye meno, shauri yao. Kampuni zilipoanza kusikiliza, miongoni mwa waliolalamika sana ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuwa zikitoka vizuri. Mbao zilisikilizwa!

Picha nyeusi na nyeupe nayo ina mtego wake. Kamera inapopima mwanga, inadhani dunia kwa wastani ni kijivu cha katikati. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inashtushwa na weupe ule, inapunguza mwanga, na uso wako mweusi unazama gizani. Kisha fundi anakuona umezama, anakuvuta juu kwa kompyuta mpaka unakuwa jivu. Makosa mawili hayo, na hakuna hata moja lililo la ngozi yako.

Yupo aliyeamua kujibu kwa kugeuza meza. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika mfululizo wa picha za kujipiga uitwao *Somnyama Ngonyama*, huongeza tofauti ya mwanga na giza makusudi ili ngozi itoke nyeusi zaidi kuliko ilivyo, macho yakikutazama moja kwa moja. Jina hilo la Kizulu linamtukuza simba jike mweusi. Huwezi kuzitazama picha zile ukafikiri weusi ni kitu cha kuombea msamaha.

Jaribuni nyumbani

Huhitaji studio. Simu na dirisha vinatosha.

1. Chagua saa. Kwetu huku karibu na Ikweta jua la saa 6 mchana linapiga utosini na kugeuza macho kuwa mashimo. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Kibarazani penye kivuli ni pazuri saa yoyote.

2. Kaa ubavuni mwa dirisha. Zima taa za ndani na flashi. Geuza uso taratibu mpaka uone pembetatu ndogo ya mwanga kwenye shavu lililo gizani, chini ya jicho. Mpangilio huo umepewa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Kama mwanga ni mkali, funika dirisha kwa shuka jeupe.

3. Cheza na umbali. Ukiwa karibu na dirisha, mwanga unapungua haraka kutoka shavu hadi shavu, na kivuli kinakolea. Ukirudi nyuma, uso unasawazika. Kwa balbu ndogo hesabu ni hii: umbali ukizidi mara 2, mwanga unabaki robo.

4. Punguza au ongeza kivuli. Karatasi nyeupe ya manila upande wa gizani inarudisha mwanga usoni. Ukitaka kivuli kizito, shika buibui au blanketi jeusi upande huo huo.

5. Pimia uso, achana na ukuta. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha sogeza mwanga juu au chini kidogo mpaka ngozi itoke kama unavyoiona kwa macho yako. Nyuma pawe na rangi ya wastani au giza, si ukuta mweupe pe.

6. Mafuta kidogo, poda chache. Ngozi nyeusi uzuri wake kwenye picha ni mng'ao. Tone la mafuta ya nazi kwenye paji na mashavu linatosha. Poda isiyolingana na ngozi yako ikiondolewa rangi inaonekana kama jivu.

7. Piga kwa rangi, geuza baadaye. Programu nyingi zinakuruhusu kuchagua kila rangi iwe nyepesi au nzito. Ukipandisha nyekundu na machungwa, ngozi inalainika na kuwa nyepesi. Ukizishusha, inakolea na kila alama inaonekana. Chaguo ni lako, lakini sasa unajua unachochagua.

Wawili ndani ya fremu moja

Mkiwa wawili, mwanga unakuwa suala la mahusiano. Dirisha ni moja: aliye karibu nalo atang'aa, wa pili atakuwa kivulini. Nani akae wapi? Msiliamue kwa mazoea kwamba mwanamke mbele, mwanaume nyuma kama mlinzi. Jaribuni vyote viwili, muone hadithi inavyobadilika. Kama mmoja ni mweupe na mwingine ni mweusi, mweusi ndiye asogee karibu na dirisha. Nyote mtatoka vizuri, na hakuna atakayehitaji kung'arishwa.

Halafu zungumzeni kabla ya kubonyeza. Muulize, "Kuna kitu hutaki kionekane?" Uso umeumbwa na haya, na mtu ana haki na haya zake. Inawezekana kovu lile la shavuni lina hadithi aliyokusimulia wewe peke yako. Kivuli kinaweza kulifunika bila kulifuta, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kivuli na programu ya kulainisha ngozi. Kivuli kinamwachia mtu siri yake. Programu inamwambia afadhali asingekuwa hivyo alivyo.

Sasa mfikirie kaka mmoja, anatazama picha ya mchumba wake na kusema kwa utani, "Weka filta bwana, umetoka mweusi mno." Dada anacheka, anaweka filta. Kesho anaweka nyingine. Mwaka unapita, na kwenye simu ya yule kaka hakuna hata picha moja ya mwanamke anayelala naye kitanda kimoja. Ana picha za mwanamke mwingine, anayefanana naye kidogo. Ikitokea siku hayupo, kwa safari au kwa lile lisilosemwa, kaka atamtafuta wapi?

Kwa hiyo wikendi hii, kabla ya kutoka, zimeni taa na mfungue pazia. Mpige mwenzi wako picha moja, moja tu, kama mteja wa Bamako. Kisha mbadilishane. Ile mtakayoipenda wote wawili ipelekeni ikachapwe kwenye karatasi, muandike nyuma yake tarehe na majina kwa kalamu. Simu huibiwa, namba za siri husahaulika. Picha iliyo kwenye droo, ndani ya bahasha, humngoja mtu.